Funguo za Chumba cha Chini: Barua ya Wazi kwa Walezi wa All Saints Cathedral, Nairobi

Baba Askofu Mkuu, Provosti, makasisi na wazee wa kanisa,

Bwana asifiwe sana.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya upili hapa Nairobi. Jina langu halimo katika daftari lenu la washirika. Nilibatizwa na kupata kipaimara katika kanisa dogo la mabati upande wa Kawangware, na sadaka yangu huingia huko hadi leo. Lakini tulifundishwa tangu utotoni kwamba kanisa kuu ni la Waanglikana wote, hata wa kanisa la mabati, na kwa haki hiyo ndogo ninaandika.

Nimekaa na barua hii muda mrefu. Mara mbili niliiandika nikaifuta, kwa kuwa mtu wa kanisa hufunzwa kuyamaliza ya nyumbani humohumo nyumbani. Ila hili ninaloomba, geti lenu liwe wazi kwa anayekimbia siku ya vurugu mjini, linawahusu pia watu ambao hawajawahi kuimba wimbo hata mmoja kanisani mwenu: Waislamu, wasio na dini, mchuuzi wa njugu pale Uhuru Park, kijana wa chuo aliyeacha kusali zamani. Ndiyo maana nimeliweka hadharani.

Nianze na nilivyolijua kanisa lenu. Mwaka 1992 nilikuwa darasa la nne. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu mama alinivuta mkono tukapanda basi la mjini, yeye amebeba kikapu cha nduma na viazi vitamu vya kuchemsha, mimi nimekumbatia chupa ya chai, nyekundu, yenye maua ubavuni. Nilidhani tunakwenda hospitali, maana kwetu chai ya chupa ilikuwa ya kupelekewa mgonjwa. Tukashuka, tukapita geti, nikainua macho kutazama minara ya mawe, nikaanza kuogopa. Kisha badala ya kuingia kwa mlango mkubwa tukateremka ngazi.

Chini kulikuwa na akina mama. Wengine wameketi, wengine wamelala wamejifunika leso na mablanketi, na hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya dawa ya kuchua na ya sufuria. Mmoja aliipokea chupa, akanishika kichwa, akaniuliza niko darasa la ngapi. Nikamjibu. Akaniambia nisome. Ni hayo tu. Ndani ya basi tukirudi nilimuuliza mama wale ni wagonjwa gani, naye akasema si wagonjwa, wanangoja watoto wao.

Mnayajua yaliyowafikisha pale, ila nitayasimulia kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwa wamezaliwa. Ijumaa ya Februari 28, 1992, akina mama hao, wengi wao wazee wa mashambani, walikwenda pamoja na Profesa Wangari Maathai ofisini kwa Mkuu wa Sheria kudai wana wao waachiwe. Sehemu ya 2A ya Katiba, iliyoruhusu chama kimoja tu, ilikuwa imefutwa Desemba iliyotangulia, vyama vingi vimeruhusiwa, serikali inajisifu mbele ya wafadhili kwamba mambo yamebadilika. Wafungwa wa kisiasa 52 walikuwa bado ndani. Mwana wa mmoja wa akina mama hao, Monica Wamwere, aitwaye Koigi, alikuwa na kesi ya uhaini. Walipotoka kwa Mkuu wa Sheria hawakurudi makwao. Waliingia Uhuru Park, wakaketi chini, wakaanza mfungo wa kutokula. Kona ile wakaiita Freedom Corner, na jina limebaki mpaka leo.

Jumanne, Machi 3, polisi walikuja na rungu na vitoza machozi. Wangari alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya vijana wenye sare. Hilo sitalieleza sana. Aliyelelewa na nyanya anajua maana yake, na asiyejua amuulize nyanya yake. Kisha wakapakiwa kwenye magari, wakarudishwa makwao kwa nguvu. Walirudi tena Nairobi, wakaikuta bustani imezingirwa. Ndipo wakaja kubisha kwenu.

Provosti wa wakati huo, yaani kasisi mkuu wa cathedral, Peter Njenga, aliwapokea. Sijui mtu yeyote angeweza kukadiria kwamba wageni wale wangekaa karibu mwaka mzima.

Naomba tutulie kidogo hapo kwenye mwaka mzima, kwa sababu katika masimulizi hupita kama neno moja. Ninyi mnaoendesha kanisa mnajua ni nini. Ni choo na maji. Ni nani anabaki na funguo usiku, nani atalipa umeme, nini kitasemwa kwa familia iliyolipia harusi ya Jumamosi na kukuta polisi getini. Ni Kwaresima, Pasaka na Majilio, waumini wakiimba juu na wale wakisikiliza kutoka chini ya sakafu. Uchaguzi wa Desemba 29 ulipigwa wao wakiwa bado wanangoja. Mwanzoni mwa 1993 wafungwa karibu wote walikuwa wametoka, Koigi akiwa miongoni mwao.

Kila mwaka mimi huwachukua wanafunzi wa kidato cha tatu tukatembea kwa miguu. Tunaanzia mbele ya Nyayo House. Pale huwaeleza habari za vyumba vya chini ya jengo lile, ambamo katika miaka ya themanini watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kikundi cha siri cha wapinzani wa serikali, walifungwa macho, wakapigwa, wakafungiwa uchi katika vyumba vilivyotiwa maji. Vilifunguliwa kwa umma 2003, na waliotoka hai waliingia tena wakionyesha kwa vidole ni chumba kipi. Kutoka hapo tunavuka Uhuru Highway, tunapanda na Kenyatta Avenue huku Uhuru Park iko kushoto, na baada ya dakika chache tunafika kwenu.

Mara ya kwanza nilipoifanya safari hiyo, msichana mmoja aliyekuwa nyuma kabisa, ambaye mwaka mzima hakuwa ameinua mkono darasani, alisema: "Mwalimu, kwa hivyo ni vyumba viwili vya chini." Nilisimama. Nimesoma historia chuo kikuu miaka minne na sikuwahi kuiona hivyo. Chumba kimoja kilijengwa na serikali ili mtu aingizwe asionekane tena. Kingine kilikuwa cha kanisa, na mama za watu kama hao walikaa humo wakikataa wana wao wasahauliwe. Kati ya vyumba hivyo viwili kuna barabara moja na bustani moja. Sidhani kuna mji mwingine Afrika Mashariki ambao unaweza kuisoma historia yake kwa mwendo mfupi hivyo.

Tukifika huwa tunapokelewa vizuri, na nashukuru. Watoto huketi kwenye mabenchi, hutazama madirisha ya vioo vya rangi, na mwenye bahati hukuta mpiga kinanda anafanya mazoezi. Halafu huniuliza swali ambalo kila mwaka hurudi kwa maneno mapya: hili lilikuwa kanisa la nani?

Huwaeleza ukweli. Jiwe la msingi liliwekwa Februari 3, 1917 na Henry Conway Belfield, gavana wa himaya ya Waingereza. Ramani ilichorwa na Temple Moore, Mwingereza aliyefariki 1920 bila kuliona jengo limekamilika. Mwaka huohuo wa 1917, serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwakusanya wanaume Waafrika kwa maelfu kubeba mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani, Carrier Corps, jina ambalo vinywa vyetu vililitafuna likawa Kariokor. Mawe yalipandishwa kwa vipande, miaka ikienda, hadi kanisa likakamilika na kuwekwa wakfu 1952. Oktoba 20 ya mwaka huo Hali ya Hatari ikatangazwa. Lilizaliwa kanisa la magavana na walowezi, katika mji uliogawanywa kwa rangi ya ngozi, na aliyelichora alikuwa na Uingereza kichwani. Tazama tu mlivyolazimika kuishi na mawe yale ya baridi mwezi wa Julai.

Basi kanisa la gavana liligeukaje kuwa kanisa la mama Wamwere? Hapo ndipo somo langu lilipo. Watoto hutaja uhuru wa 1963, na ni jibu zuri la mtihani. Wengine hutaja kuja kwa viongozi Waafrika, na ni kweli kwamba Henry Okullu alikuwa provosti hapo mwanzoni mwa miaka ya sabini kabla ya kwenda kuwa Askofu wa Maseno Kusini, na kwamba yeye na Askofu Alexander Muge wa Eldoret walisema waziwazi wakati wengi walikuwa wamefunga vinywa, hadi Muge akafa barabarani Agosti 14, 1990, siku chache baada ya kutishwa na waziri. Lakini hati ya kiwanja na minara vingeweza kubaki vilevile, viongozi wakawa Waafrika, na kanisa likabaki la wenye nafasi. Kwa maoni yangu lilibadilisha mwenyewe siku ile wanawake wasio na kitu walipobisha wakafunguliwa.

Likaja la pili. Jumatatu, Julai 7, 1997, Saba Saba, siku ya mikutano ya kudai marekebisho ya katiba kabla ya uchaguzi. Watu walikuwa ndani ya kanisa, wengine katika maombi, wengine wamekimbilia humo, polisi wakaingia nyuma yao na kurusha vitoza machozi mle ndani. Waumini walipigwa. Kasisi Timothy Njoya wa PCEA, kanisa la Presbiteri, alipigwa humo humo, mbele ya kamera. Miezi michache baadaye yakaja mazungumzo ya vyama yaliyoitwa IPPG, na sheria kadhaa za kikoloni, ile ya machifu na ile ya mikutano ya hadhara zikiwamo, zikapunguzwa makali.

Katika Kitabu cha Wafalme, Adonia alikimbilia pembe za madhabahu akaponea. Sura moja mbele, Yoabu akazishika pembe zilezile akauawa hapohapo. Mimi huwaambia wanafunzi kwamba kanisa lenu limesoma sura zote mbili: Machi 1992 ilikuwa ya Adonia, Julai 1997 ya Yoabu. Tofauti ni kwamba Yoabu alikuwa na damu mikononi, na waliopigwa siku ile hawakuwa nayo.

Sasa nieleze kilichonifanya niandike.

Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, wengi waliokuwa mbele ya darasa langu miaka michache kabla walikuwa huko. Sikuwatuma, wala sikuwazuia; Kifungu cha 37 cha Katiba, kile cha haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, niliwafundisha mwenyewe. Jioni moja simu ililia. Alikuwa mmoja wa wavulana wangu wa zamani, sasa yuko chuo. Yeye na wenzake walikuwa wamejificha katika jengo moja la maduka, wakatolewa nje na bawabu, macho yanawaka, msichana mmoja anavuja damu mguuni. Hakunipigia ili nimsaidie, maana nilikuwa mbali na alijua. Alitaka kujua kitu kimoja tu. "Mwalimu, All Saints wako wazi?"

Sikuwa na jibu.

Nilimfundisha habari za 1992 kama jambo lililopita. Yeye alizipokea kama anwani. Miaka mitatu alikuwa ameitunza ile anwani kichwani, na alipoihitaji, mwalimu wake hakuweza kumwambia kama kuna mtu nyumbani. Nikamwambia wafuate Ngong Road taratibu wakae pembeni. Walifika usiku. Msichana alishonwa nyuzi sita.

Nataka nieleweke hapa. Silalamiki kwamba geti lenu lilifungwa jioni hiyo, hawakufika kulijaribu. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyejua: yule kijana, mimi, wala nadhani bawabu wenu mwenyewe.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni la funguo. Naomba mkae, mpitishe, muandike, kisha mkisome kile mlichoandika mimbarani Jumapili moja watu wakiwa wamejaa: kwamba siku ya vurugu mjini, geti la All Saints liko wazi kwa yeyote anayekimbia, na chumba cha chini kina nafasi. Iwe kanuni ya kanisa, isiyosubiri hisia za siku hiyo. Siku hiyo ikifika Provosti anaweza kuwa Mombasa kwenye kongamano, mwenyekiti wa wazee amezima simu, na uamuzi wa kanisa zima ukabaki mikononi mwa bawabu wa kampuni ya ulinzi ambaye akikosea upande wowote anapoteza kazi. Ni dhambi kumwachia mtu wa mshahara ule mzigo ambao mwaka 1992 ulibebwa na provosti.

Yaandikwe mambo madogo, kwa sababu ndiyo yanayookoa. Nani anafungua. Maji ya kuosha macho yatatoka bomba gani. Kwenye mabenchi yenu hukaa madaktari, wauguzi na mawakili kuliko kanisa lolote ninalolijua mjini. Orodha yao iwepo, na zamu yao ijulikane. Kasisi mmoja avae kanzu na kola asimame getini, maana bado kuna askari ambaye atasita mbele ya kanzu kuliko mbele ya katiba. Silaha ya aina yoyote isiingie, iwe jiwe au bunduki. Na askari aliyeumia naye aingie, atibiwe kwenye benchi lile lile. Huyo pia ana mama.

Najua hoja zitakazoletwa kwenye kikao, kwa sababu kanisa la mabati nalo lina vikao.

Atasimama mzee mmoja aseme kwamba miongoni mwa waandamanaji kuna wahuni. Ni kweli. Juni 2025 tuliona wanaume wenye mijeledi na rungu, waliodaiwa kukodishwa, wakiwapiga waandamanaji katikati ya mji mchana kweupe, na wiki iliyofuata maduka ya watu yakavunjwa. Lakini kanuni iliyoandikwa ndiyo inayowabagua hao. Mahali pasipo na kanuni, geti hufunguliwa kwa kelele au hufungwa kwa hofu, na mhuni hufaulu katika hali zote mbili.

Atasimama mwingine azungumzie mali: vioo vya rangi, kinanda, magari. Hoja hii siidharau, vioo vile vikivunjika hatutapata vingine kama hivyo. Ila chumba cha chini kimekwisha kutumika kwa kazi hii karibu mwaka mzima, na kanisa bado limesimama. Vitoza machozi viliingia 1997 ndani ya kanisa lenyewe, na Jumapili zilizofuata ibada ziliendelea.

Na lazima awepo wa kusema kanisa lisijiingize katika siasa. Huyu ndiye ningependa kumjibu kwa unyenyekevu zaidi, maana mara nyingi ni mcha Mungu wa kweli, amechoka kusikia mimbara ikigeuzwa jukwaa. Nami nimechoka. Nilifurahi Septemba 2021, kule Butere, kwenye kutawazwa kwa Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu alipowanyima wanasiasa maikrofoni, na nilifurahi tena Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi liliporudisha fedha za Rais. Mwanasiasa akija kusali akae asali, bahasha yake ibaki mfukoni. Kufikia hapo tuko pamoja kabisa. Lakini mzee wangu, tuangalie vizuri ni kipi kilicho siasa. Mheshimiwa akipewa dakika tano "za kusalimia" baada ya mahubiri, hiyo ni siasa, hata akianza kwa Bwana asifiwe. Mtu anayetokwa na damu akipewa maji, hiyo ni ibada, hata akiwa anaimba nyimbo za maandamano. Miji ya makimbilio katika Torati haikuwekwa kwa ajili ya watu wenye sifa njema. Iliwekwa ili aliyekimbia asiuawe kabla ya kusikilizwa.

Nina ombi la pili, nalo ni jepesi zaidi kwa mfuko. Naomba Machi 3 iingie katika kalenda ya ibada zenu. Nasema ibada, nikimaanisha zaburi, masomo, ekaristi, watu kupiga magoti. Makongamano tunayo mengi na maikrofoni zake hazizimiki. Mwanzo uwe juu kanisani, kisha watu washuke zile ngazi kwa maandamano, msalaba ukitangulia, na Injili isomwe huko chini. Yasomwe majina ya akina mama yote, kila jina na kijiji chake, pamoja na jina la mwana aliyengojewa. Isomwe kwa Kiswahili, na watoto wao na wajukuu wao waalikwe wasome kwa lugha za nyumbani. Sote tunamjua Wangari, na ni haki. Alipofariki Septemba 2011 taifa lilimuaga Uhuru Park, palepale alipopigwa, kisha mwili wake ukachomwa Kariokor. Monica Wamwere wengi wanamjua. Wale wengine je? Mimi mwenyewe niliguswa kichwa na mmoja wao na sijui jina lake, na miaka yote hii nimekuwa nikifundisha habari zake.

Wengi wamekwisha kufa. Waliobaki ni wazee sana. Makasisi, wahudumu na waumini waliokuwa zamu mwaka ule nao wanazeeka, na wanayo mambo ambayo hakuna kitabu kitakachoyataja: nani alipika, nani alikuwa akija usiku na blanketi, nani alilalamika. (Najua wapo waliolalamika. Ningependa sana kuwasikia nao, wana haki ya kusimulia.) Kinasa sauti cha simu kinatosha. Vijana wenu wa ushirika wanaweza kuifanya kazi hii likizo moja tu, na wakikosa watu, wanafunzi wangu wako tayari.

Yapo mengine ningeweza kuomba, ya lugha ya ibada na ya maskini kujisikia mgeni pale geti linapojaa magari makubwa, lakini hayo yana siku yake.

Nimemsomea mama barua hii. Ana miaka 79 sasa, macho yamefifia, ila masikio yako sawa. Aliposikia habari ya chupa ya chai alinisahihisha: haikuwa Jumamosi moja, tulikwenda mara tatu, na mara ya tatu nililia njia nzima kwa sababu sukari ya chai ilikuwa imewekwa kidogo, akina mama wawili wakiwa na kisukari. Sikumbuki kabisa. Nikamuuliza kwa nini alikwenda, kwa sababu hatukuwa na ndugu gerezani wala hakuwahi kupenda siasa. Akasema alisikia tangazo kanisani kwamba kuna wageni pale cathedral na hawana chai.

Machi 3 ijayo nitakuja na wanafunzi 38 wa kidato cha tatu. Nitawaandikia rasmi kuomba ruhusa ya kushuka chini, ingawa moyoni ningependa siku moja nisihitaji kuiomba. Tutaketi nusu saa, tutasoma majina tutakayokuwa tumeyapata, tutaondoka bila kuacha uchafu. Chai tutakuja nayo. Ile chupa nyekundu bado mama anayo, imepoteza kifuniko tu.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu wa historia,
Nairobi